Sura ya Sita: Mtungi Mwepesi

Kila neno lililomo katika sura hii ni la kweli tupu. Naapa kwa macho yangu yote mawili, na lile lenye mtoto wa jicho nalo nimelihesabu. Anayetaka kubisha aniache kwanza nimalize, kisha akamuulize Koplo, maana ndiye aliyekuwepo mwanzo hadi mwisho, na mwanamke yule hajui kutia chumvi hata kwenye mboga.

Asubuhi hiyo kituoni kulikuwa na kicheko. Mwanamume mmoja wa makamo, ovaroli imelowa grisi hadi magotini, alikuwa amesimama kaunta akieleza kwa mara nyingine tena kwamba ameibiwa hewa.

"Hewa," askari wa zamu alirudia, kalamu imesimama juu ya daftari. "Ya rangi gani?"

Wenzake waliokuwa nyuma walipasuka kwa kicheko.

"Mtungi wenye hewa," yule mtu alisema, masikio yamemwiva. "Mtungi wa gesi ya kupikia, wa bluu. Gesi iliisha, nikautia upepo."

"Sasa umeibiwa mtungi au upepo? Kama ni upepo, uko mwingi hapo nje, toka ukachote."

Inspekta alikuwa anapita na kikombe chake cha chai. Vijana wake walimwita Mzee Taratibu, kwa sababu katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata siku ile nyuki walipohamia kantini. Alikuwa keshaipita kaunta. Akarudi nyuma hatua moja. Pua yake ilikuwa imepata kitu: mkono wa ovaroli ya yule mtu ulinuka kitunguu kilichooza, harufu ile ile wanayotia kwenye gesi ili ikivuja mtu ashtuke.

"Kazi yako nini, bwana?"

"Fundi, afande. Natengeneza honi na umeme wa magari. Huu mtungi ni wa mambo yangu tu ya nyumbani, ya kujifurahisha."

"Na gesi iliyobaki ndani uliitoaje kabla ya kutia hewa?"

"Sikuitoa. Hewa yenyewe iliisukuma."

"Mtungi una midomo mingapi?"

"Mmoja."

"Hewa iliingilia wapi?"

"Mdomoni."

"Gesi ikatokea wapi?"

Fundi Honi, kama walivyomwita mtaani, akaunusa mkono wa ovaroli yake. Kicheko cha nyuma ya kaunta kilikuwa kimekatika chenyewe.

Inspekta akaweka kikombe chini, akainua simu ya mezani, akampigia mkuu wa zimamoto, ambaye walikuwa wakicheza bao pamoja kila Jumapili na kudanganyana kuhusu nani alishinda. Alieleza kwa maneno machache. Kisha akasikiliza kwa muda mrefu, na waliokuwa karibu waliisikia sauti ikitoka kwenye mkono wa simu.

"Gesi peke yake ndani ya mtungi haiwezi kuwaka, maana haina hewa. Huyo mtu wako amekwenda kuitilia. Kilichobaki ni njiti tu. Akiuunga kwenye jiko na kuwasha, moto unaweza kurudi na mpira hadi ndani ya chuma. Huo si mtungi tena, ndugu yangu. Naleta vijana. Wewe utafute ulipo, na ukiupata usiwashe hata tochi."

Inspekta aliirudisha simu mahali pake taratibu, kama kitu kinachoweza kupasuka. "Koplo, ufunguo wa gari," alisema. Chai aliiacha pale pale kaunta, na hilo nalo lilikuwa halijawahi kutokea.

*

Kibanda cha Fundi Honi kilikuwa cha mabati, nyuma ya nyumba. Kufuli zima, bawaba nzima, dirisha lina wavu usiokatika. Inspekta alisimama mlangoni, mikono mgongoni, asiguse kitu. Mezani palikuwa na drili, mashine ya kuchomelea, na seti ya spana zinazong'aa. Kando yake alisimama jogoo.

Jogoo mwenyewe alikuwa wa mbao, kimo cha ndama. Mbawa zake zilisukumwa na pampu za baiskeli, shingo ilinyanyuliwa na bomba la sindano la kutibia ng'ombe, na kooni alikuwa amefungwa honi ya lori. Mirija myembamba, ile ya kurushia maji kioo cha gari, ilimtoka tumboni kama matumbo.

"Anawika?" Koplo aliuliza.

"Mtaa wa pili wanamsikia," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza uso ulimchangamka. "Sina mashine ya hewa ya kwangu, dada. Kwa hiyo mtungi naupeleka kwa fundi pancha pale kona, anajaza, narudi nao, nauunga hapa. Jogoo anawika alasiri nzima. Na sikuutoboa hata tundu moja. Nilichonga kiungo cha shaba kinachoingia kwenye mdomo wake ule ule. Ukiutazama huwezi kujua kama ulishawahi kuguswa."

"Hilo ndilo linalonitisha," Inspekta alisema. "Mara ngapi umejaza?"

"Mara ya kwanza jogoo aliwika, lakini kibanda kikanuka. Nikaufungulia hadi ukaisha nguvu. Jana mchana nikajaza tena. Jioni natoka kazini, haupo. Afande, mimi nasema ni yule fundi pancha. Ana wivu na huyu jogoo."

"Fundi pancha ana mashine ya hewa. Aibe hewa akaipeleke wapi?"

Inspekta alichutama. Kwenye unga wa mbao sakafuni palikuwa na alama ya duara, mahali mtungi uliposimama. Hapakuwa na alama ya kuburuta. Aliyeuchukua aliunyanyua wima, akatoka nao, akafunga kufuli nyuma yake.

"Mwizi gani anaacha drili, anachukua mtungi mtupu, halafu anafunga mlango?" alijiuliza kwa sauti. "Ufunguo unakaa wapi?"

"Kwenye msumari, mlango wa jikoni."

"Na jikoni yuko nani?"

Fundi Honi aliteremsha sauti. "Mama mkwe. Mke wangu amejifungua, amekuja kumlea. Afande, nakuomba, huyo usimhoji. Mimi mwenyewe nikiongea naye natazama vidole vyangu vya miguu."

*

Mama mkwe alikuwa amekaa jikoni akimenya viazi. Alikuwa mama wa mwili, bangili mbili za fedha mkononi, na kigoda alichokalia kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha maua hadi chini. Wageni walipoingia hakuinuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni, ingawa mmevaa hivyo."

"Tunatafuta mtungi wa mkweo."

"Nimesikia. Wezi siku hizi hawana haya." Alitupa kiazi kwenye beseni. Mkono uliporudi, bangili iligonga ubavu wa kigoda, na kigoda kikalia ngriiii, kama kengele.

Inspekta alilitazama jiko: mtungi mmoja chini yake, umeungwa, mpira mzima. Akakitazama kile kitambaa cha maua.

"Mama, magoti yangu haya yananisumbua. Ningeomba nikae kidogo kwenye hicho kigoda chako."

"Kiti si hicho hapo?"

"Hicho cha mbao. Daktari ameniambia nikalie chuma."

Ganda la kiazi likakatika. Mama yule alitazama mlangoni, ambako Fundi Honi alikuwa amesimama akivihesabu vidole vyake vya miguu.

"Mwambie huyo atoke kwanza," alisema.

Fundi alitoka bila kuambiwa. Mama mkwe akafunua pembe ya kitambaa. Mtungi wa bluu, mpya wa kung'aa, lakiri ya plastiki bado iko mdomoni.

"Nyumba ya mzazi ina mtungi mmoja," alisema haraka, kwa sauti ya chini. "Ukizimika usiku, maji ya mtoto niyachemshe kwa pumzi zangu? Nikaona kule kibandani kuna mtungi umekaa bure, mwepesi kama kikapu. Nikasema, mzigo huu unangoja nini? Nikaupeleka dukani jana mchana, nikalipia gesi, nikabadilishiwa. Nilitaka mwanangu aamke akute ana wa akiba. Sasa huyu karudi anapiga kelele mwizi, mwizi, hadi majirani wametoka. Mkwe nimwambie mwizi ndiye mimi? Uso wangu nitauweka wapi?"

"Hukukosea, mama. Ila niambie jambo moja. Muuzaji aliupima kwenye mizani?"

"Hakupima. Alibonyeza kile kidude cha mdomoni kwa kidole, ukapiga fyuuu. Akanusa. Akanitazama. Halafu ghafla akawa mtu mwema kuliko wote duniani, akanibebea huu mpya hadi barabarani."

Inspekta na Koplo walitazamana.

Kwenye gari Koplo ndiye aliyesema kwanza. "Mtungi mtupu haupigi fyuuu, afande."

"Haupigi. Kwa hiyo yeye alidhani nini?"

"Kwamba bibi wa watu kaleta mtungi uliojaa bila kujua. Kapokea malipo ya gesi, na kabakiwa na mtungi wa pili wa kuuza."

"Basi tusiutafute kwenye mitupu. Kauweka kwenye iliyojaa." Inspekta alitazama saa ya dashibodi, ambayo ilikufa zamani, kisha akatazama nje. Watoto wa shule za asubuhi walikuwa wameanza kurudi. Kwenye madirisha ya nyumba za chini wanawake walikuwa wakikung'uta masufuria. "Kanyaga," alisema.

*

Duka la gesi lilikuwa na mabanda mawili ya nondo na wavu, mitupu kushoto, iliyojaa kulia. Muuzaji alikuwa mtu mwembamba mwenye tabasamu la kukodi.

"Mtungi wa yule mama? Ule mtupu? Lori la bohari limeshaichukua yote alfajiri, afande. Mkimbilie bohari mtaukuta."

Bohari ilikuwa upande wa pili wa mji. Koplo alikuwa keshageuka kuelekea garini. Inspekta akamshika mkono.

"Piga simu kwanza."

Koplo alipiga. Alisikiliza, akashukuru, akakata. "Lori la bohari lina gia mbovu tangu juzi. Liko gereji juu ya mawe."

Tabasamu likarudishwa kwa mwenyewe. Inspekta hakumgombeza. Alielekea kwenye mizani ya duka, iliyokuwa imesimama pembeni, akapitisha kidole kwenye sahani yake, akaonyesha kilichoganda kidoleni.

"Mizani yako inalelewa na buibui," alisema. "Koplo, toa mitungi yote iliyojaa. Pima mmoja mmoja."

Ilichukua muda, na muda ndio waliokuwa hawana. Koplo alinyanyua, akashusha, akanyanyua. Kila mtungi sindano iliruka hadi mahali pake. Wa mwisho nao ukawa mzito kama inavyotakiwa.

"Hamna kitu, si unaona?" muuzaji alisema, akijaribu kucheka.

"Naona. Umeshauuza." Inspekta alisogea karibu naye hadi vifungo vya mashati yao vikakaribia kugusana. "Sikiliza, kijana. Jambo la bibi yule kulipia gesi ambayo wewe hukujaza, hilo tutalizungumza siku nyingine, na litakuwa zungumzo refu. Leo nina swali dogo. Ndani ya ule mtungi mlikuwa na upepo uliochanganyika na gesi. Kuna mtu huko mjini ana kiberiti mkononi. Ni nani?"

Muuzaji alirudi nyuma hatua moja. "Ulinuka, afande. Ulipiga fyuuu kama mzima."

"Nani?"

"Asubuhi nilimpa Kishada mitungi mitatu. Yote ya bluu. Sijui upi alipeleka wapi, wallahi."

Kishada alikuwa dereva wa pikipiki ya duka, amelala chali juu ya kiti chake nje, miguu kwenye usukani, kofia usoni. Koplo aliiondoa ile kofia.

"Mitungi mitatu ya asubuhi uliipeleka wapi?"

"Habari za asubuhi na nyie," Kishada alisema, akajiinua. "Mmoja kantini ya gereji. Mmoja kwa yule mama mjane wa nyuma ya soko. Mmoja kwa fundi cherehani, lile ghorofa la manjano."

"Upi ulikuwa mwepesi?"

"Mwepesi? Afande, mimi nafunga mzigo na mpira, napiga kiki, naondoka. Pikipiki ndiyo inayojua uzito."

Koplo alitaja mahali pa kuanzia: kantini, maana ndiko karibu na ndiko kwenye watu wengi. Lilikuwa wazo zuri. Inspekta aliitikia kwa kichwa, kisha akatulia, macho kwenye magoti ya suruali ya Kishada.

"Kantini iko chini?"

"Chini kabisa."

"Kwa mjane?"

"Uani, mlango kwa mlango."

"Kwa fundi cherehani?"

"Juu, ghorofa ya nne. Lifti haijawahi kufanya kazi tangu nizaliwe."

"Sasa fikiri. Ulipofika juu, ulikuwa na jasho?"

Kishada alianza kucheka. Kicheko kikaishia njiani.

"Ajabu sana," alisema polepole. "Ngazi zile huwa napumzika njiani nikitukana waliozijenga. Leo nilifika juu napiga mluzi. Nikasema labda ni yale mazoezi."

"Mazoezi gani wewe?" Koplo aliuliza.

"Ya kuruka kamba."

"Mpigie simu. Sasa hivi."

Kishada alipiga. Iliita hadi ikakata. Akapiga tena. "Akiwa kwenye cherehani hasikii kitu," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa imekonda. "Afande, aliniambia mtungi wake wa zamani umeisha tangu asubuhi. Akasema nimpe mapema, maana mchana lazima apike."

*

Barabara ilikuwa imejaa harufu za mchana. Kila dirisha lilikuwa na kitunguu kinachokaangwa, kila uchochoro una moshi. Inspekta aliyatazama yale madirisha yakipita kama mtu anayetazama mtu mwingine akicheza na kisu. Karibu na ghorofa la manjano lori la saruji lilikuwa limejipachika katikati ya njia, madereva wawili wakibishana nani arudi nyuma. Koplo alipiga honi. Akapiga tena.

Alipogeuka kumwambia mkubwa wake kitu, kiti kilikuwa kitupu na mlango uko wazi. Mzee Taratibu alikuwa anakimbia. Koplo hadi leo anasimulia mbio zile: viwiko nje, kofia mkononi, viatu vikipiga lami kama mtu anayetwanga. Ikabidi aliache gari pale pale na kumfuata.

Kwenye ngazi palikuwa na giza la kawaida la majengo kama hayo. Ghorofa ya kwanza, hakuna harufu. Ya pili, hakuna. Walipokaribia ya tatu Inspekta alisimama ghafla, mkono umeshika ukuta. Kitunguu kilichooza. Kilikuwa kinateremka ngazi kutoka juu, kimetulia, kama maji yanayotafuta chini.

Na hapo hapo, kutoka mlango wa ghorofa ya tatu, alitoka mwanamke amejifunga kitambaa kiunoni. Mkononi alishika koleo la bati, na juu ya koleo kulikuwa na makaa matatu mekundu. Aliyapuliza kidogo, yakang'aa, kisha akageuka kupanda.

Inspekta alipanda ngazi zilizobaki kwa hatua ambazo magoti yake yangemdai baadaye. Akajikuta amesimama mbele ya yule mwanamke, mgongo wake kwenye ngazi za kupanda, makaa karibu na vifungo vyake. Koplo, hatua chache chini, alifungua kinywa. Inspekta alimkata kwa jicho.

Angesema hatari, mama yule angeshtuka. Angeshtuka, koleo lingeanguka. Na makaa yalikuwa yanavuta hewa ile ile iliyokuwa inateremka.

"Habari ya mchana, mama," alisema, kama mtu aliyekuja kuuza sabuni. "Unapeleka wapi moto mzuri hivyo?"

"Kwa jirani yangu hapo juu. Viberiti vyake vimekataa, kaniomba moto. Nipishe, baba, vidole vinaungua."

"Huyo fundi cherehani? Basi kumbe nimefika mahali penyewe. Mimi natoka kampuni ya gesi. Jirani yako ameshinda."

"Ameshinda nini?"

"Mtungi. Mpya, umejaa, wa bure. Lakini masharti ni kwamba hatakiwi kuwasha huu alio nao kabla hatujauona. Akiuwasha tu, zawadi imeruka. Kwa hiyo wewe mama mwema, rudi ndani na hayo makaa, yaweke kwenye jiko lako, funga mlango, na utakuwa umemwokolea mwenzio zawadi yake."

Mwanamke alimtazama. Akamtazama Koplo. Kaa moja lilitoa cheche, ikaruka, ikafa kwenye saruji karibu na kiatu cha Inspekta. Hakuangalia chini.

"Na mimi je?" mwanamke aliuliza.

"Wewe vipi?"

"Mimi ndiye ninayempa moto kila siku. Yeye anashinda, mimi nirudi na makaa yangu tu?"

Jasho lilikuwa likimtiririka Inspekta nyuma ya masikio. "Na wewe una wako," alisema. "Mtungi mmoja kila mtu. Rudi ndani, mama yangu. Taratibu."

Alirudi. Mlango ulifungwa. Koplo alisikia sauti, akadhani ni ya mlango, kumbe ni pumzi yake mwenyewe.

Juu, kitufe cha kengele ya umeme kilikuwa kando ya mlango wa fundi cherehani. Koplo alikuwa keshanyanyua kidole. Inspekta alikishika hewani, akabisha kwa kucha. Cherehani ndani ilinyamaza.

"Ingia na huo moto, dada, mlango wazi," sauti iliita.

Fundi cherehani alikuwa mwanamke mrefu mwenye sindano zimechomwa kifuani mwa gauni. Alipowaona alikunja uso. "Mmetumwa na duka? Vizuri. Mmeniuzia upepo. Nimemaliza kiberiti kizima, kila njiti ikisogea inazimwa na upepo wenu. Nikaamua niache wazi kidogo mpira ujisafishe, mpaka jirani alete moto wa kweli."

Inspekta alikuwa keshampita. Jikoni jiko lilikuwa linapumua, fyuuu nyembamba isiyokoma. Alifunga mtungi kwanza, kisha jiko. Koplo akafungua dirisha, la pili, la tatu, na mlango wa roshani. Hakuna aliyewasha taa, hakuna aliyezima redio, maana swichi nayo ina cheche. Inspekta alimsogeza fundi cherehani kwa bega hadi nje ya mlango kana kwamba anamwongoza kwenye dansi.

"Njiti moja ilishika kidogo," mwanamke alikuwa akieleza. "Ikafanya pu, ikazima. Rangi yake kama ya..."

Hapo akauona uso wa Koplo. Mkono ukapanda wenyewe hadi kwenye zile sindano za kifuani, ukabaki pale.

Inspekta aliushusha mtungi mwenyewe. Aliukumbatia kama mtoto wa mtu mwingine, ngazi baada ya ngazi, akipita mlango wa ghorofa ya tatu kwa ncha za vidole. Ulikuwa mwepesi kweli. Uwanjani nyuma ya jengo vijana wa zimamoto, ambao Koplo aliwapigia simu njiani, walikuwa wamefika, wakaupokea bila maneno, wakaupeleka kwenye kiwanja kitupu mbali na kila jiko, wakaufungulia kidogo kidogo hadi ukabaki chuma. Mkuu wao alimpiga Inspekta kofi la mgongoni, akaondoka.

Inspekta aliketi kwenye ukingo wa mtaro. Koplo alikaa kando yake na daftari la maelezo.

"Afande, hapa kwenye ngazi niandike ulijitambulisha kama nani?"

"Andika nilimzuia shahidi."

"Kwa kumpa nini?"

Kabla hajajibu, kivuli kiliwafunika. Mwanamke wa ghorofa ya tatu, mikono kiunoni, na nyuma yake fundi cherehani, na nyuma ya fundi cherehani nusu ya jengo.

"Bwana wa kampuni," alisema yule wa ghorofa ya tatu. "Mtungi wangu uko wapi?"

"Mama, mimi ni polisi. Nilisema vile kwa sababu kama ningekuambia ukweli, ungeangusha..."

"Najua wewe ni polisi. Tangu lini watu wa kampuni wanatembea na koplo mwenye pingu? Nilikujua pale pale. Nikasema, acha aseme, atasema mwenyewe na atasikia mwenyewe. Makaa yangu hayakutikisika hata kidogo, ulionaje?"

"Sikuona."

"Ungeona, ungejua nimesimama imara kuliko wewe. Maneno ni mtungi mmoja kila mtu. Huyu koplo kasikia." Akamgeukia Koplo. "Hukusikia, mwanangu?"

Koplo alifikiri. Nimeshasema, yule hajui kusema uongo.

"Nilisikia," alisema.

Wa fundi cherehani aliuleta muuza gesi mwenyewe, umepimwa mbele ya watu, na aliupandisha bila kuambiwa mara mbili. Wa pili Inspekta hakuwa na wa kumtupia. Kishada aliombwa msaada, akasema goti lake, lile la kuruka kamba, limeanza kuuma. Kwa hiyo watu wa ghorofa la manjano walitoka milangoni wakamtazama Inspekta akipanda na mtungi mzito begani, akipumzika kila kona, akiwatukana waliojenga ngazi kwa sauti ndogo ya mtu mwenye cheo.

Aliushusha mbele ya mlango wa ghorofa ya tatu. Mwanamke akaugonga kwa kidole, akaitikia kwa kichwa kwamba umejaa.

"Asante," alisema. "Na jiko lake?"

"Jiko gani?"

"Mimi napikia mkaa, baba. Mtungi bila jiko la gesi niutazame?"

Inspekta akavaa kofia yake, akashika ukuta, na kuanza kuteremka.